Peso 500 kwa Kutwa: Jinsi Tzu Chi Walivyouinua Mji wa Tacloban Baada ya Kimbunga Haiyan

Mji uliopigwa na kimbunga huwa na mahitaji mawili yasiyosubiriana. Watu wanataka kula leo, na barabara zinataka kuzibuliwa leo. Mara nyingi mashirika hugawana: hawa wanaleta chakula, wale wanaleta mitambo, na wenyeji wanabaki kwenye foleni wakingoja majina yao yasomwe. Kisa ninachokichambua hapa ni cha mji wa Tacloban, Ufilipino, mwezi Novemba na Desemba 2013. Shirika la hisani la Kibudha kutoka Taiwan, Tzu Chi, liliyajibu mahitaji hayo mawili kwa mkupuo mmoja: liliwalipa waathirika ujira wa kutwa ili wausafishe mji wao wenyewe.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonesha jambo ambalo ripoti nyingi za misaada huliweka pembeni. Namna unavyomkabidhi mtu fedha ni sehemu ya msaada wenyewe. Ukikosea hapo, fedha ileile inaweza kulisha tumbo huku ikimvunja mtu moyo.

Mji ulivyokuwa

Kimbunga Haiyan, ambacho Wafilipino wanakiita Yolanda, kiliingia nchi kavu alfajiri ya Ijumaa, tarehe 8 Novemba 2013, kwanza Guiuan katika kisiwa cha Samar, kisha kikavuka ghuba na kukifikia kisiwa cha Leyte. Upepo wake ulikadiriwa kufika kilomita 315 kwa saa. Lakini walioishi Tacloban wanajua kwamba aliyeua zaidi ni bahari. Maji yalisukumwa kwenye ghuba nyembamba yakakosa pa kwenda, yakapanda mita tano hadi sita na kuingia mitaani yakiwa yamebeba mapaa, magari na magogo. Serikali ilihesabu watu 6,300 waliokufa katika maeneo yote yaliyopigwa, na zaidi ya 1,000 hawakupatikana. Nyumba zilizoharibika au kubomoka kabisa zilizidi milioni moja.

Tacloban, mji wenye watu wapatao 221,000 kwa sensa ya 2010, ndio uliokuwa kwenye njia ya maji hayo. Katika mtaa wa Anibong meli ziliokotwa baharini na kutupwa juu ya nyumba za watu. Katikati ya mji, barabara zilizibwa na kifusi cha mbao, mabati, matope, nyaya za umeme na mizoga, na chini ya kifusi hicho bado kulikuwa na maiti. Maduka na maghala yalivunjwa na watu wenye njaa. Maelfu walikimbilia uwanja wa ndege wakiomba nafasi katika ndege za jeshi ziwapeleke Cebu au Manila. Meya Alfred Romualdez mwenyewe aliwashauri wakazi wake waondoke, wakajihifadhi kwa ndugu katika miji mingine, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuwalisha wala kuwalinda.

Hapo ndipo pa kuanzia uchambuzi. Tatizo la Tacloban wiki ya pili baada ya kimbunga halikuwa njaa peke yake. Mji ulikuwa unaanza kuachwa. Aliyebaki alikaa juu ya rundo la uchafu ambalo asingeweza kuliondoa peke yake, akiwa hana kazi, hana duka la kununua kitu, na amefiwa. Msaada wa mchele ungemsaidia aishi pale. Usingempa sababu ya kubaki pale.

Tzu Chi ni akina nani

Shirika hili lilianzishwa mwaka 1966 huko Hualien, pwani ya mashariki ya Taiwan, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu maskini. Mwanzilishi wake ni mtawa wa kike, Cheng Yen, aliyezaliwa 1937. Alikuwa na wanafunzi wachache wa kitawa, na kila mmoja alishona jozi moja ya ziada ya viatu vya watoto kwa siku ili ziuzwe kwa ajili ya masikini. Akina mama wa nyumbani wapatao thelathini wakajiunga. Cheng Yen aliwapa vibubu vya mianzi na kuwaomba watie senti 50 za Taiwan kila siku kabla ya kwenda sokoni.

Kwa nini kila siku, na si mara moja kwa mwezi kiasi kilekile? Hesabu ya fedha haibadiliki. Anayebadilika ni mtoaji. Mama anayetia senti yake kila asubuhi anaanza siku akiwa amemfikiria mtu mwingine kabla hajanunua mboga zake, na huko sokoni atawaeleza wenzake kuhusu kibubu hicho. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na sijaona shirika lililoijenga kazi yake nzima juu ya maana hiyo kwa uangalifu kama hili. Kutoka kwenye vibubu hivyo ilikuja hospitali iliyofunguliwa Hualien mwaka 1986, kisha vyuo, vituo vya kuchakata taka na wajitolea katika nchi nyingi duniani.

Kuna jambo jingine la msingi. Watawa wa Hualien hawaishi kwa sadaka za waumini. Wanafuata kanuni ya zamani ya Wabudha wa China kwamba siku usiyofanya kazi ni siku usiyokula. Wanalima, wanatengeneza bidhaa na kuziuza, na michango ya watu yote inakwenda kwa wahitaji. Wajitolea nao wanajilipia nauli na malazi wanapokwenda kwenye maafa. Watu wenye mazoea hayo hawawezi kuona kazi ya mikono kama adhabu. Wanaiona kama njia ya mtu kusimama. Ukielewa hilo, hushangai kwamba walipofika Tacloban hawakumpa mwathirika kadi ya msaada tu, wakampa pia sepetu.

Wala hawakuibuni mbinu hiyo Tacloban. Mwezi Septemba 2009 kimbunga Ketsana kiliifurikisha Manila, na mji wa Marikina ukazikwa kwenye matope. Tawi la Tzu Chi la Ufilipino, ambalo wengi wa wajitolea wake ni Wafilipino wa asili ya Kichina, wafanyabiashara na familia zao, liliwalipa wakazi peso 400 kwa siku wasafishe mitaa yao. Baadhi ya waliolipwa siku zile waliendelea kuja hata baada ya kazi kwisha, wakawa wajitolea wenyewe. Miaka minne baadaye watu wa Marikina walikuwa miongoni mwa waliokwenda Tacloban. Mtu aliyesimama mbele ya mwathirika kumweleza utaratibu wa kazi alikuwa naye amewahi kusimama kwenye matope.

Kazi ilivyokwenda

Kazi ilianza tarehe 20 Novemba 2013, siku kumi na mbili baada ya kimbunga. Siku ya kwanza walijitokeza mamia tu. Si ajabu: mji hauna maji wala umeme, wafu hawajazikwa wote, na wageni waliovaa mashati ya bluu na suruali nyeupe wanasema watakulipa peso 500 jioni ukifagia mtaa wako. Nani angeamini? Jioni ya kwanza watu wakalipwa. Habari ikaenda mtaa kwa mtaa kwa kasi ambayo tangazo la redio lisingeifikia. Idadi ikapanda kila siku hadi ikapita watu 30,000 kwa siku moja. Katika mji wa watu 221,000, ambao wengi walikuwa wameshakimbia, hiyo ni karibu mtu mmoja kwa kila saba wa hesabu ya sensa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Vikundi vilipangwa kwa mitaa. Wengine walikuja na zana walizozifukua kwenye mabaki ya nyumba zao: sepetu, reki, ndoo, toroli lililopinda gurudumu. Walitenganisha mbao zinazofaa na zisizofaa, wakakunja mabati, wakakokota matope hadi barabarani, na malori na makatapila yaliyokodiwa yakazoa marundo. Mashine peke yake isingefaa, kwa sababu haiingii uchochoroni wala haijui ubao upi ni wa dari ya jirani na upi ni wa kutupwa. Mikono peke yake nayo ingechukua miezi. Vilipokwenda pamoja, barabara zilifunguka kwa siku, na madaktari na wauguzi wa Tzu Chi walifungua kliniki za bure kwa waliokuwa wagonjwa au wameumia.

Asubuhi, kabla ya kazi, watu walikusanyika. Kulikuwa na maelezo ya siku, maneno ya faraja, kimya cha sala kwa waliokufa, na nyimbo zenye ishara za mikono. Msomaji anaweza kuona haya kama mapambo. Mimi naona hapana. Watu hawa walikuwa wamepoteza wazazi na watoto, na wengi hawakupata hata mazishi ya maana, kwa sababu maiti zilizikwa kwa pamoja nje ya mji. Kusimama na majirani asubuhi, kuwakumbuka wafu kwa pamoja, kisha kwenda kuusafisha mtaa waliokuwa wakiishi, kuna kitu cha matanga ndani yake. Hakuna foleni ya mchele inayoweza kutoa nafasi hiyo.

Jioni yalikuja malipo, na hapa inafaa tutazame kwa karibu. Mjitolea anaishika noti kwa mikono miwili. Anainama, na si kwa kichwa tu, ni kiuno kinachokunjika. Anamtazama anayepokea usoni na kumshukuru. Anayelipa ndiye anayesema asante, tena kwa mtu aliyechafuka matope hadi magotini. Utaratibu huu wa Tzu Chi ni uleule popote pale, iwe wanagawa blanketi, mchele au fedha: mtoaji anashukuru kwa kupewa nafasi ya kutoa. Kwa fikra yao, mwenye deni ni yule mwenye uwezo.

Kila aliyewahi kupanga foleni ya msaada anajua kinyume chake kilivyo. Unapigwa alama ya wino kidoleni, unasukumwa, unapigwa picha ukiwa umeshika mfuko wenye nembo ya mfadhili, na kijana mwenye kipaza sauti anakuambia ukae chini. Mtu anarudi nyumbani na unga wake huku akijisikia mdogo. Tacloban mtu alirudi na ujira wake. Mtoto akiuliza fedha imetoka wapi, baba au mama alikuwa na jibu la kawaida: nimetoka kazini.

Kazi ilifungwa tarehe 8 Desemba, mwezi mmoja kamili baada ya kimbunga. Kwa siku kumi na tisa zile, ukijumlisha watu wa kila siku, inapatikana idadi inayokaribia kutwa 300,000 za kazi. Zidisha kwa peso 500, unapata kama peso milioni 150, ambazo kwa kiwango cha wakati ule ni zaidi ya dola milioni tatu za Marekani, zilizowekwa moja kwa moja mikononi mwa wakazi wa mji mmoja.

Ujira mara mbili: ilikuwa busara?

Hapa ndipo wataalamu wa misaada hukunja uso. Kima cha chini cha mshahara katika eneo lile kilikuwa peso 260 kwa siku. Tzu Chi walilipa karibu mara mbili. Kanuni ya kawaida ya miradi ya kazi kwa ujira baada ya maafa inasema ulipe sawa na kiwango cha eneo au pungufu kidogo, ili usiwavute watu kutoka kwenye kazi zao, wala usipandishe bei, wala usiyatie mashirika mengine matatani. Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliendesha kazi ya namna hii katika maeneo yaliyopigwa na Haiyan kwa kufuata kima cha chini, likaambatanisha bima na vifaa vya kujikinga.

Hoja hizo ni za kweli na zina uzito mahali pake. Ukienda wilaya yenye wakulima wakati wa palizi ukalipa mara mbili ya kibarua cha shamba, umewaharibia mavuno. Watu wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini hapa Tanzania, wanalijua hilo, ndiyo maana kazi za jamii za mpango ule hupangwa kwa kuangalia msimu wa kilimo. Lakini Novemba 2013 Tacloban haikuwa na kazi za kumvuta mtu kutoka kwazo. Viwanda, maduka, hoteli, boti za uvuvi na minazi vilikuwa chini. Kima cha chini kilikuwa tarakimu iliyopangwa kwa mji uliokuwa hai. Mtu hakuhitaji fedha ya kula kwa siku tu. Alihitaji sufuria, nguo, misumari, mabati, dawa, na nauli ya kumtafuta ndugu hospitalini. Peso 260 zingemrudisha jioni ileile kwenye sifuri.

Kwa hiyo nakubaliana na uamuzi wa Tzu Chi, kwa masharti mawili ambayo kwa bahati yote yalikuwepo. La kwanza ni ufupi. Ujira mkubwa wa siku kumi na tisa ni mtaji. Ukiendelea miezi sita unageuka kuwa kikwazo kwa kila mwajiri anayetaka kurudi. La pili ni bidhaa. Fedha bila bidhaa ni kupandisha bei tu. Daraja la San Juanico, linalokiunganisha kisiwa cha Leyte na Samar, lilinusurika, na barabara ya kwenda mji wa Ormoc ikafunguliwa, kwa hiyo mfanyabiashara aliyesikia kuwa Tacloban kuna watu wenye fedha mkononi aliweza kupakia lori na kuja. Wauzaji walirudi barabarani kwanza na mboga, samaki na vyakula vilivyopikwa, kisha na vifaa vya ujenzi. Daraja hilo nadra kutajwa katika simulizi za kisa hiki, na nadhani bila hilo hadithi ingekuwa nyingine.

Upande ambao ILO walikuwa na la kufundisha ni usalama. Kifusi chenye misumari yenye kutu, vioo na mabati yaliyochanika kinakata watu kila saa. Bima na buti za kinga kwa mfanyakazi ni jambo la kupangwa kabla ya siku ya kwanza, na mpango wowote wa baadaye wenye kufuata njia ya Tzu Chi unapaswa kulichukua hilo bila mjadala.

Na wasioweza kufanya kazi je? Bibi wa miaka themanini, mjamzito, aliyevunjika mguu? Kazi kwa ujira ina upofu huo popote inapotumika, na ukiishia hapo unakuwa umewasahau walio dhaifu zaidi. Tzu Chi hawakuishia hapo. Walizigawia familia fedha taslimu kulingana na idadi ya watu nyumbani: peso 8,000 kwa familia ndogo, 12,000 kwa ya kati, 15,000 kwa kubwa. Kazi ilifungua barabara na kurudisha uhai, kisha fedha ya familia ikafika kwa wale ambao sepetu isingewafikia. Nikiulizwa ni uamuzi gani mmoja ulioufanya mpango ukamilike, nitataja huu kabla ya ile peso 500.

Wabudha katika mji wa Wakatoliki

Tacloban ni mji wa Wakatoliki, wenye ibada kubwa kwa Santo Niño, Mtoto Mtakatifu. Waliofika ni Wabudha wasiokula nyama, wenye salamu zao na maneno ya mwalimu wao. Nafasi ya kukosana ilikuwepo, maana sote tumeshaona msaada unaotolewa huku Kitabu kikiwa kimeshikwa mkono wa pili.

Walichofanya kinajieleza. Hakuna aliyetakiwa kubadili dini ili apewe sepetu. Baadaye Tzu Chi walisaidia kulitengeneza kanisa la Santo Niño lililoezuliwa paa, na wakasaidia shule, zikiwemo za masista wa Kikatoliki. Kwa mji ule, kanisa hilo ndipo watu walipobatizwa na ndipo walipotaka kuwaombea wafu wao. Shirika la Kibudha likiezeka kanisa la Kikatoliki linakuwa limekubali kwamba faraja ya mwenye msiba iko anakoitafuta yeye, si anakotaka mfadhili. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko tani nyingi za kifusi.

Kuna na la kisiasa. Mwezi Mei mwaka uleule 2013, walinzi wa pwani wa Ufilipino walikifyatulia risasi chombo cha wavuvi wa Taiwan na kumuua mvuvi mmoja. Taiwan iliwaka hasira, ikaiwekea Ufilipino vikwazo, ikiwemo kusitisha kuajiri wafanyakazi wapya kutoka huko, na vikwazo hivyo viliondolewa Agosti tu. Miezi mitatu baadaye watu wa Taiwan waliombwa watoe kwa ajili ya Wafilipino. Wakatoa. Wajitolea wa Tzu Chi katika nchi nyingine nao walisimama barabarani na makopo ya michango. Huruma inayowafikia ndugu zako ni rahisi. Inayowafikia watu ambao jana ulikuwa umewakasirikia inahitaji mazoezi, na nadhani zile senti za kila asubuhi kabla ya soko ndizo mazoezi yenyewe.

Kibubu mikononi mwa maskini

Sehemu inayozua mjadala zaidi ni hii. Baada ya kupokea, waathirika walielezwa habari za vibubu vya mianzi, na wengi wakaanza kutia sarafu zao, kwenye vibubu na hata kwenye chupa tupu za plastiki. Mtu aliyepoteza nyumba anachangia? Si kumkamua aliyekwisha kamuliwa?

Nimelitazama swali hili kwa pande zote. Ingekuwa mchango unalazimishwa, au ni sharti la kupata msaada unaofuata, ningeulaani. Lakini sarafu hiyo haina kiwango, na asiyetia hanyimwi kitu. Sarafu moja ya peso haiongezi chochote kwenye bajeti ya shirika la ukubwa ule. Anayefaidika nayo ni aliyeitia: amehama kutoka orodha ya wanaopewa na kuingia orodha ya wanaotoa. Sisi tunaolelewa kwenye michango ya msiba na ya kisomo tunajua jinsi mtu anavyoumia akishindwa kuchangia hata kidogo pale wenzake wanapochangia. Umaskini una uchungu huo pia, wa kukosa cha kutoa, na wafadhili wachache sana wanaukumbuka.

Mji wa Ormoc, upande wa pili wa kisiwa, ulipata mpango wa namna hiyohiyo, na hapo familia moja ya wenyeji ilitoa ardhi ambayo Tzu Chi walijenga juu yake kijiji cha nyumba kwa waliokuwa wakiishi kwenye mahema. Wakazi walishiriki kuzijenga nyumba hizo. Kisa cha makazi kina maswali yake ya umiliki na ya riziki, na kinastahili makala yake.

Barani kwetu

Njia hii imeshafika kusini na mashariki mwa Afrika. Durban, tangu miaka ya 1990, wafanyabiashara wa Kitaiwani waliokuwa wajitolea waliwapa wanawake wa Kizulu vyerehani vya zamani na vipande vya vitambaa vilivyobaki viwandani, wakaanzisha vikundi vya ushonaji vijijini. Faida ilipoanza kupatikana, wanawake haohao waligeukia majirani zao waliokuwa wakiugua Ukimwi na watoto yatima: wakaosha wagonjwa, wakapika, wakalima bustani za mboga za kuwalisha. Hawakuwa matajiri. Wengi walitembea kwa miguu kwenda kwa mgonjwa asiyekuwa na mtu.

Msumbiji ndiko kipimo kizuri zaidi cha hoja yangu kuhusu daraja la San Juanico. Kimbunga Idai kilipoupiga mji wa Beira usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019, mafuriko yaliikata barabara ya N6, ambayo ndiyo mshipa wa Beira kwenda bara. Mashamba ya mahindi yalikuwa yanakaribia kuvunwa, yakazama. Huko kumlipa mtu fedha wiki ya pili kungekuwa kumpa karatasi, kwa sababu sokoni hakuna cha kununua. Tzu Chi, ambao walikuwa tayari na wajitolea nchini humo kwa miaka kadhaa, waligawa chakula, zana za kilimo na mbegu, ili familia ipate cha kupanda, kisha wakaingia kwenye ujenzi wa nyumba na shule mkoani Sofala. Shirika ni lilelile, kuinama ni kulekule, mikono miwili ni ileile, lakini hapa zana ilikuwa jembe na mbegu, kwa sababu ndivyo hali ilivyotaka.

Na katika Sofala, sehemu kubwa ya waliovaa shati la bluu na suruali nyeupe ni wanavijiji wa Msumbiji wenyewe. Wao ndio wanaoandikisha majina, kwa sababu wanajua nani mjane kweli na nani amejiandikisha mara mbili. Wao ndio wanaobeba magunia, na jioni wanarudi kwenye nyumba ambazo nazo ziliezuliwa. Mgeni kutoka Taiwan anaweza kuja kwa wiki mbili na kuondoka. Hao wanabaki, wakiendesha mashamba ya pamoja na kuwatembelea wazee wasio na watu, wengi wao wakiwa Wakristo au Waislamu ambao hawajawahi kuingia hekalu la Kibudha.